Kuungwa Mkono Si Kupigiwa Makofi: Daktari Mwanamke Anapotaka Kubadili Mambo Hospitalini

Kikao kimekwisha. Mkuu wa idara, daktari bingwa mwanamke mwenye miezi minne tu katika nafasi hiyo, ameeleza vizuri kwa nini makabidhiano ya zamu yanapaswa kubadilika. Kila mgonjwa azungumziwe mbele ya kitanda chake, dawa zake zitajwe, jambo la kuangaliwa usiku liandikwe, na muuguzi awepo. Hakuna aliyepinga. Wengi wametikisa vichwa kukubali, mmoja amesema "wazo zuri sana, dokta," na mkurugenzi amepiga makofi. Wiki tatu baadaye fomu mpya zimelala kwenye droo ya meza ya wauguzi, na zamu inakabidhiwa vilevile kama zamani: kwenye korido, watu wamesimama, mmoja ameshabeba begi lake.

Mwulize daktari huyo kama aliungwa mkono, atasita. Kikaoni alikubaliwa na wote, wodini hakusaidiwa na yeyote. Mfano huu nimeutunga, lakini mwenye kazi ya hospitali ataujua. Nataka kuufungua mkanganyiko uliomo ndani yake, kwa sababu viongozi wengi wazuri, hasa wanawake, huishia kujilaumu kwa jambo ambalo chanzo chake si udhaifu wao.

Tuanze na neno lenyewe. Kuunga ni kushikanisha vitu viwili vikawa kimoja. Anayepiga makofi anakutanisha mikono yake mwenyewe, wako hajaugusa. Ndani ya neno hili moja tunachanganya mambo yasiyofanana. Mkurugenzi anaposema "endelea," ametoa ruhusa, na ruhusa ina thamani yake, ila haibebi hata faili moja. Daktari bingwa wa siku nyingi anaponyamaza, ameamua tu kutokuzuia, na uamuzi huo anaweza kuutengua siku yoyote. Muuguzi wa usiku anapoichukua fomu na kuijaza saa tisa usiku akiwa na wagonjwa thelathini, huyo ametoa kazi. Na yule anayesikia mtu akiliponda wazo lako ukiwa haupo, kisha akasema "hapana, mimi nimelitumia na linafaa," huyo ametoa utetezi. Kikao cha mwanzoni mwa habari hii kilitoa ruhusa na ukimya. Mabadiliko hospitalini yanaendeshwa na kazi na utetezi.

Mzigo usioandikwa kwenye barua ya uteuzi

Kiongozi yeyote anaweza kukwama hapo, mwanamume au mwanamke. Lakini daktari mwanamke anafika akiwa na mzigo juu ya mzigo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba wanawake ni takriban asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya na huduma za jamii duniani, ilhali wanashika kama robo tu ya nafasi za juu za uongozi. Maana yake ni kwamba watu wengi wa hospitali, wanawake kwa wanaume, wamezoea kumwona mwanamke akifanya kazi na mwanamume akiamua. Ndugu wa mgonjwa anahudumiwa na daktari kwa nusu saa nzima, kisha anamwuliza, "Nesi, daktari atakuja saa ngapi?"

Mazoea hayo yamepimwa pia. Mwaka 2017 watafiti wa hospitali ya Mayo Clinic nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuangalia jinsi wazungumzaji wanavyotambulishwa kwenye mihadhara ya madaktari. Wanaume walipowatambulisha wanaume wenzao, walitumia cheo cha kitaaluma katika asilimia 72 ya nafasi. Walipowatambulisha wanawake, asilimia 49. Elimu ni ileile na jukwaa ni lilelile, lakini mmoja anapanda akiwa Daktari Fulani, mwingine anapanda kwa jina lake la kwanza. Kabla hajafungua mdomo, uzito wa neno lake umeshapunguzwa, na pengine aliyeupunguza hana habari.

Wanasaikolojia Alice Eagly na Steven Karau walieleza mwaka 2002 kwa nini hali hii ni ngumu kuishinda kwa bidii peke yake. Watu wana picha ya kiongozi: mwenye msimamo, anayeamuru, asiyeyumba. Wana pia picha ya mwanamke: mpole, msikivu, anayejali. Mwanamume akikaa kwenye kiti cha uongozi, picha anazopimwa nazo hazigombani. Mwanamke akikaa, anapimwa kwa zote mbili kwa wakati mmoja. Akiwa mpole wanasema hawezi kazi, akisimama imara wanasema ana kiburi. Ndiyo maana ushauri wa "jiamini tu, sema kwa sauti" haumsaidii sana. Kinachompata hakitokani na sauti yake.

Kuna njia moja ambayo utafiti unaiunga mkono kidogo. Mwaka 2010 watafiti Emily Amanatullah na Michael Morris walionyesha kwamba wanawake wanapodai jambo kwa ajili yao wenyewe hujipunguzia madai, wakihofia kuonekana wabaya. Wanapodai kwa niaba ya mtu mwingine, hofu hiyo hupungua na hudai sawasawa na wanaume. Kwa daktari hii ni njia halali kabisa, kwa sababu mara nyingi mabadiliko anayoyataka ni ya mgonjwa kweli. "Mgonjwa wa kitanda cha sita alikosa dozi mbili kwa sababu hatukuambiana" ni sentensi yenye nguvu kuliko "nataka tubadilishe utaratibu."

Hata hivyo sitaki kulipitisha hili kama hila nzuri na kusonga mbele. Si haki mtu alazimike kujificha nyuma ya mgonjwa ili asikilizwe. Na kuna mambo, kama bajeti ya idara, idadi ya watumishi au mshahara wake mwenyewe, ambayo siku moja atapaswa kusema "nahitaji hili" na kuishia hapo. Atakayemwona mbaya kwa kusema hivyo, kasoro ni ya mwenye jicho.

Kazi inayofanyika kabla ya kikao

Kila badiliko lina mtu linalomnyang'anya kitu. Turudi kwenye makabidhiano ya zamu. Daktari bingwa wa zamani ananyang'anywa uhuru wa kufika muda anaoutaka. Daktari kijana aliyekesha ananyang'anywa dakika ishirini za kwenda kulala. Na muuguzi? Muuguzi anapewa nafasi ya kusema mbele ya madaktari, jambo ambalo kiongozi analiona kuwa zawadi. Lakini muuguzi huyo anajua pia kwamba kilichoandikwa hakifutiki. Siku mgonjwa akizidiwa, fomu ile yenye saini yake itafunguliwa, na lawama itatafuta pa kutua, nayo kwa kawaida hutua chini. Kwa hiyo zile fomu zilizolala kwenye droo si uvivu. Ni watu wanaojilinda kwa njia pekee waliyonayo.

Daktari wetu hakulijua hilo kwa sababu hakuuliza kabla, na kikaoni hakuna ambaye angelisema. Kikao ni mahali pa watu kulinda heshima zao. Ukweli unasemwa koridoni, kwenye chumba cha chai, kwenye gari la kurudi nyumbani.

Methali husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kiongozi mpya huingia na moyo huo, lakini mwenyeji anayeambiwa atapona lazima kwanza aone kuwa anaumwa. Mwanasaikolojia Kurt Lewin alilijaribu jambo la namna hii wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Serikali ya Marekani ilitaka familia zianze kula sehemu za nyama ambazo watu walizidharau. Baadhi ya akina mama walipewa mhadhara mzuri wenye hoja na maelekezo, wengine wakakaa kujadiliana wao kwa wao vikwazo vilivyopo na namna ya kuvivuka. Baadaye waliosikiliza mhadhara, asilimia 3 tu ndio walijaribu. Waliojadiliana wakaamua wenyewe, asilimia 32. Daktari anayeandaa slaidi arobaini za takwimu nzuri angeufikiria kidogo umbali huo kati ya 3 na 32.

Kwa vitendo, maana yake ni kuwaendea watu mmoja mmoja kabla ya kikao, na kuuliza swali linalofungua mdomo. "Unaonaje wazo hili?" halifungui. Katika adabu zetu za mazungumzo, swali hilo lina jibu lake tayari: "Ni zuri, dokta." Afadhali kuuliza, "Nikilianzisha hili kesho, wewe litakukwamia wapi?" Hapo mtu haombwi kukupinga, anaombwa utaalamu wake. Muuguzi atakwambia kwamba saa ya kubadilishana zamu ndiyo saa ya kugawa dawa. Daktari kijana atakwambia hakuna mahali pa kuandikia ukiwa umesimama kitandani. Karani atakwambia fomu zina ukubwa ambao mashine ya kunakili haiutoi. Mambo madogo haya ndiyo yanayoua mipango mikubwa.

Kisha fomu ibadilike kweli kutokana na yaliyosemwa, na aliyesema aone. Mtu aliyekuta safu aliyoipendekeza imo ndani ya karatasi hataiacha isemwe vibaya. Umemtoa kwenye ruhusa ukamfikisha kwenye utetezi, na hukumbembeleza.

Na ile hofu ya lawama? Hiyo haitulizwi kwa maneno matamu wodini. Inataka daktari apande ngazi kwa mkurugenzi na kupata ahadi ya wazi, ya maandishi ikiwezekana, kwamba fomu haitatumika kumwadhibu mtu aliyeripoti kosa kwa nia njema. Hapa ndipo ruhusa ya wakubwa inapokuwa na kazi ya maana: kuwakinga walio chini.

Kosa moja linawaumiza sana madaktari wanawake, na ningependa lisemwe waziwazi zaidi. Ni kudhani kwamba wauguzi, kwa kuwa wengi wao ni wanawake, watamuunga mkono moja kwa moja. Wanawake hospitalini wanatenganishwa na cheo, mshahara, elimu na historia ndefu ya kuamriwa. Muuguzi mwenye miaka ishirini wodini ameona wakuu wa idara saba wakija na kuondoka, kila mmoja na fomu yake. Akimwangalia huyu wa nane kwa tahadhari, hana wivu wala hana roho mbaya. Ana kumbukumbu. Anasubiri kuona kama safari hii kuna mtu atakayebaki wodini baada ya makofi. Kumbukumbu hiyo ikiheshimiwa, inageuka kuwa nguvu kubwa kuliko saini ya mkurugenzi.

Madaktari wawili waliokuwa sahihi

Mwaka 1956 daktari Alice Stewart wa Oxford, Uingereza, alianza kuchapisha matokeo ya kutisha. Aliwauliza kina mama wa watoto waliofariki kwa saratani mambo waliyoyakumbuka kuhusu ujauzito wao, akagundua kuwa kupigwa eksirei ya tumbo wakati wa ujauzito kulihusiana na ongezeko la hatari ya saratani kwa mtoto. Alikuwa na hesabu. Alikuwa na mtakwimu, George Kneale, aliyeona kuwa kazi yake ni kutafuta kasoro katika nadharia za Stewart, na hakuna kinga bora kuliko mpinzani wa ndani anayekutakia mema. Pamoja na hayo, mabishano yaliendelea hadi miaka ya 1970, na wakati wote huo wajawazito waliendelea kupigwa eksirei.

Mtazame sasa Virginia Apgar, daktari wa dawa za usingizi huko New York. Mwaka 1949 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa uprofesa kamili katika chuo cha udaktari cha Columbia, lakini kitengo alichokijenga kilipofanywa idara kamili, ukuu wake alipewa mwanamume. Mwaka 1952 aliwasilisha kipimo cha hali ya mtoto mchanga, na mwaka 1953 kikachapishwa: mapigo ya moyo, upumuaji, ukakamavu wa misuli, mwitikio wa mtoto akichokozwa na rangi ya mwili. Kila kimoja kina alama 0 hadi 2, dakika moja baada ya kuzaliwa. Kikaenea duniani na hadi leo kinatumika.

Wote wawili walikuwa sahihi na wote walikuwa wanawake katika taaluma iliyotawaliwa na wanaume. Tofauti ninayoiona mimi iko kwenye kile walichowaomba wenzao. Stewart, bila kukusudia, aliwaomba madaktari wakiri kwamba mikono yao ilikuwa imewadhuru watoto, na kwamba kifaa walichojivunia kilikuwa na sumu. Apgar aliwapa kitu cha kushika. Kipimo chake kingeweza kufanywa na mtu yeyote aliyefunzwa aliyekuwemo chumbani, bila mashine, kwa muda mfupi. Hakikumtaja mkosaji. Lakini alama zilipoanza kuandikwa, madaktari wakaanza kuona wenyewe ni dawa gani za usingizi na ni uzazi wa namna gani unaoleta watoto walionyong'onyea, na kwa kuwa waliona wenyewe, wakabadilika. Mkono mmoja haulei mwana, na Apgar alipata namna ya kuileta mikono yote mezani bila kuichapa hata mmoja.

Simlaumu Stewart hata kidogo. Kuna ukweli ambao hauna njia laini ya kusemwa, na mtu anayeusema peke yake kwa miaka mingi anastahili heshima kubwa kuliko ushauri. Ila kama badiliko lako linaweza kuchukua umbo la Apgar, lipe umbo hilo.

Kuanza padogo, na kuwaonya wakubwa mapema

Wodi moja, zamu moja, wiki nne. Chagua wodi yenye muuguzi mkuu anayetaka, usiichague ile yenye matatizo makubwa kuliko zote. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, ilijaribiwa kwanza katika hospitali 8 za miji minane. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa na kitu cha kushikilia.

Pima hali ilivyo kabla hujagusa kitu. Na hapa kuna mtego. Mtafiti Amy Edmondson, alipochunguza makosa ya dawa hospitalini, alikuta kwamba timu zenye uhusiano mzuri ziliripoti makosa mengi zaidi. Hazikuwa timu mbovu, zilikuwa timu ambazo watu wake hawakuogopa kusema. Kwa hiyo makabidhiano mapya yakianza kufanya kazi, huenda idadi ya makosa yaliyoandikwa ikapanda kwanza. Kiongozi mwanamume akipata takwimu hizo, huenda akaongezewa muda. Mwanamke ambaye watu walikuwa wanasubiri ashindwe ana muda mfupi zaidi. Mkurugenzi aambiwe kabla: "Mwezi wa kwanza utaona idadi inapanda. Hiyo ndiyo dalili kwamba watu wameanza kusema." Onyo lilelile likitolewa baada ya takwimu kutoka, litasikika kama kisingizio.

Inafaa pia kuuliza, kabla ya kupokea cheo, kwa nini kinatolewa sasa. Wanasaikolojia Michelle Ryan na Alex Haslam waliandika mwaka 2005 kuhusu mtindo wa kuwapa wanawake uongozi pale taasisi inapokuwa kwenye hali mbaya, ambapo uwezekano wa kuanguka ni mkubwa. Daktari anayeitwa kuokoa idara inayozama ana haki ya kutaja anachohitaji, watu wangapi, fedha kiasi gani na muda gani, kabla hajasema ndiyo.

Wazo lilikuwa la nani?

Nimesema badiliko linahitaji wenye nalo wengi. Lakini kuligawa badiliko ili lipone kuna gharama yake, na gharama hiyo humwangukia zaidi mwanamke. Yeye anasema jambo kikaoni, linapita kama upepo. Dakika kumi baadaye mwenzake mwanamume analirudia na chumba kizima kinaamka. Jambo limepata mkono, jina limepotea. Na jina si fahari tupu: ndilo linalomfanya asikilizwe kwenye badiliko la pili.

Historia ya tiba ina makovu ya namna hii pande zote. Upasuaji wa mwaka 1944 huko Baltimore uliookoa watoto waliozaliwa na kasoro ya moyo, wenye rangi ya bluu, ulitokana na wazo la daktari Helen Taussig, ambaye kwanza alilipeleka kwa daktari mpasuaji wa Boston na hakupata mwitikio. Mpasuaji Alfred Blalock akalipokea. Majaribio ya maabara yalifanywa na fundi mweusi, Vivien Thomas. Upasuaji ukaitwa Blalock-Taussig, na miaka mingi ikapita kabla wengi hawajaanza kuliingiza jina la Thomas katikati. Aliyekuwa ameonja kudharauliwa alipata nafasi yake kwenye jina, na aliyekuwa chini yake zaidi akaachwa nje. Daktari mwanamke anayepigania jina lake ana wajibu wa kutazama pia ni muuguzi gani aliyeichora ile safu ya kwanza ya fomu.

Dawa ninayoiamini hapa ni ya pamoja. Wanawake waliofanya kazi Ikulu ya Marekani wakati wa Rais Obama walisimulia walivyokubaliana kwamba mmoja wao akitoa hoja, mwingine airudie huku akimtaja mwenyewe. Wanaume nao wanaweza kulifanya hili, na wao likiwatoka lina gharama ndogo. Mwenyekiti anayesema "turudi kwenye hoja ya Daktari Fulani," kwa cheo chake, ametoa msaada wa kweli kwa sekunde tatu. Muhtasari wa kikao nao uandike nani alipendekeza nini. Karatasi ina kumbukumbu kuliko chumba.

Na atafute mtetezi, si mlezi peke yake. Mlezi humshauri wakiwa wawili, mlango umefungwa. Mtetezi hulitaja jina lake kwenye chumba ambacho yeye hayumo, siku nafasi au fedha zinapogawiwa. Wanawake wengi hupewa walezi tele, kana kwamba shida yao ni kutokujua.

Tuseme daktari wetu alizitoa zile fomu kwenye droo, akaanza upya kwa kuuliza watu litawakwamia wapi, akapata wodi moja na mwezi mmoja. Mwaka unapita, anakwenda likizo. Siku ya kurudi anapita wodini asubuhi na mapema, anamkuta daktari kijana ambaye hamfahamu akimwelekeza mwenzake mgeni kando ya kitanda: "Hapa kwetu mgonjwa anakabidhiwa hivi, na sista ndiye anayeanza kusema." Jina lake halikutajwa. Anasimama kidogo mlangoni, anamsikiliza muuguzi akianza, kisha anaingia na kuuliza kama kuna nafasi ya kusimama.